Sifa Hazilipi Kodi ya Nyumba: Neno Juu ya Walimu wa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika mikutano ya wazazi, au baada ya darsa msikitini, akitajwa mwalimu anayefundisha watoto viziwi, wasioona, wenye usonji au wenye mtindio wa ubongo, sifa humiminika kutoka kila upande. "Mashallah, mtu yule ana subira!" "Mimi nisingeweza hata siku moja." "Ujira wake uko kwa Allah." Maneno hayo ni mazuri, na tunaamini wengi huyasema kwa moyo safi. Lakini mara nyingi mazungumzo huishia hapo hapo. Mwalimu ameshasifiwa, wasikilizaji wameridhika, na kila mmoja anashika njia ya nyumbani kwake. Jumatatu mwalimu yule anaingia darasani peke yake kama kawaida, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha mlango wake kama anavyobisha milango ya watu wengine. Sifa hazilipi kodi ya nyumba.

Leo tunataka kusema jambo moja tu, na tungependa lisomwe na baba, mama na vijana wa nyumba pamoja. Hali ya kazi ya mwalimu wa mtoto mwenye mahitaji maalumu ni sehemu ya haki ya mtoto huyo. Anayedai haki ya mtoto huku akimwacha mwalimu wake aelemewe, amedai nusu ya haki, na nusu hiyo haitadumu muda mrefu.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Wengi wetu tunaijua kazi ya ualimu kwa sura moja: ubao, chaki, vitabu, na madaftari ya kusahihisha. Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu anayo hayo yote, na juu yake ana mengine ambayo hayaandikwi kwenye ratiba.

Mtoto asiyeweza kutembea lazima ainuliwe. Anainuliwa kutoka kwenye kiti, anapelekwa chooni, anasafishwa, anarudishwa. Akiwa na miaka 6 ni mwepesi. Akifika miaka 13 ana uzito wa mtu mzima, na mgongo wa mwalimu ni ule ule. Mtoto mwenye kifafa anaweza kuanguka katikati ya somo, na mwalimu lazima ajue kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vya hatari, kuhesabu dakika, na wakati huo huo kuwatuliza watoto wengine. Mtoto mwenye usonji anaweza kushtushwa na kelele ya mvua juu ya bati, akang'ata, akapiga, au akatoka mbio kuelekea barabarani. Hafanyi hivyo kwa utovu wa adabu. Ni njia yake ya kusema kuwa ameshindwa kuvumilia. Hata hivyo jeraha kwenye mkono wa mwalimu ni jeraha.

Kwa upande wa watoto viziwi, mwalimu hufundisha kwa mikono, uso na macho kuanzia asubuhi hadi jioni. Hawezi kuandika ubaoni huku akieleza, maana akigeuka tu watoto hawasikii chochote. Kwa watoto wasioona, kila zoezi lazima liandaliwe kwa maandishi ya breli. Mashine ya Perkins inayotumika kuyaandika ina uzito wa karibu kilo 5, karatasi zake ni nene, na kitabu kimoja cha kawaida huweza kugeuka kuwa majalada kadhaa. Shule isiyo na mtu wa kuandaa vitabu hivyo humwachia mwalimu kazi hiyo, naye huifanya usiku.

Juu ya yote hayo, watoto hawa hawafundishwi kwa mkupuo. Katika darasa moja huyu anajifunza kushika kijiko, yule anajifunza kuhesabu mpaka 20, na mwingine yuko tayari kwa mtihani wa darasa la saba. Kila mmoja anahitaji mpango wake, na kila mpango unahitaji saa za kuufikiria na kuuandika.

Mwalimu mmoja wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, ambaye hatutamtaja jina wala shule yake, alitueleza ombi lake kubwa kwa mkuu wake. Wala hakuomba nyongeza ya mshahara. Aliomba apatikane mtu wa kukaa na watoto dakika 10 ili aweze kwenda chooni bila kuliacha darasa peke yake. Ndugu zetu, mtu mzima mwenye cheti cha serikali anaomba ruhusa ya kwenda haja! Hapo ndipo tulipofika.

TUMEFIKAJE HAPA?

Hapa kwetu Uganda, milango ya shule ilifunguliwa kwa nguvu mwaka 1997 ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, maarufu kama UPE. Kila familia iliruhusiwa kupeleka watoto wanne bila ada, na watoto wenye ulemavu wakapewa kipaumbele. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Lilikuwa jambo jema. Mtoto aliyekuwa amefichwa chumba cha nyuma akatolewa, akavalishwa sare, akapelekwa shule.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca nchini Hispania, wakakubaliana kuwa shule za kawaida ziwapokee watoto wote bila kuwabagua. Katiba yetu ya mwaka 1995 ilitaja ukuzaji wa lugha ya ishara kwa viziwi, jambo ambalo nchi nyingi hazikuwa nalo wakati huo. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazungumzia elimu, na inazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua lugha ya ishara na breli, na zitoe mafunzo kwa wafanyakazi wa elimu wa ngazi zote.

Walimu wa kazi hiyo hufundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa ni taasisi ya taifa ya elimu maalumu iliyojulikana kwa kifupi kama UNISE. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa nchi haikufanya lolote.

Tatizo ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa mtoto, lakini aliyesimama ndani ya mlango huo kumpokea hakuongezewa mikono. Mtoto asiyesikia aliingizwa katika darasa lililokuwa tayari limejaa, kwa mwalimu ambaye hakufundishwa hata ishara moja. Aliyefundishwa naye akapewa watoto wenye ulemavu wa aina nne tofauti kwa pamoja, kwa sababu tu cheti chake kina neno "maalumu". Aliyesomea breli hajasomea usonji, kama ambavyo daktari wa meno hapasui moyo.

MWILI WA MWALIMU NI WA NYAMA NA DAMU

Wanafunzi wetu wengi wamesikia habari za Helen Keller wa Marekani, msichana aliyekuwa haoni wala hasikii, ambaye alisoma hadi akahitimu chuo mwaka 1904. Habari zake husimuliwa kama muujiza wa subira. Wachache hukumbuka habari za macho ya mwalimu wake, Anne Sullivan.

Anne mwenyewe aliugua macho tangu utotoni, akapasuliwa mara kadhaa ndipo akapata kuona kiasi. Alifika kwa Helen Machi 1887. Helen alipoingia Chuo cha Radcliffe, Anne alikaa pembeni yake darasani, akimtajia mkononi kwa herufi za vidole yale yaliyosemwa na wahadhiri. Wakirudi nyumbani, alimsomea kwa njia hiyo hiyo vitabu ambavyo havikuwa na breli, saa baada ya saa, na macho yale dhaifu yakazidi kuharibika. Alipofariki mwaka 1936, alikuwa karibu haoni kabisa. Mwanafunzi alipata shahada, na mwalimu aliilipia kwa macho yake. Dunia ikapiga makofi kwa wote wawili, lakini makofi hayakurudisha macho.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani na ya mbali. Lakini leo elimu ya afya inalitambua jambo hili waziwazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliainisha hali ya kuchakazwa na kazi kuwa ni jambo linalotokana na shinikizo la kazi lisilosimamiwa vizuri, na likataja dalili zake tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, mtu akawa yupo lakini hayupo. Ya tatu ni kuhisi kuwa huwezi tena kuifanya kazi yako ipasavyo.

Ewe mzazi, itazame dalili ya pili. Mtoto wako hasemi. Hawezi kukueleza nyumbani kama leo alibadilishwa nguo iliyolowa au aliachwa nayo mpaka saa nane. Usalama wake wote umo katika moyo wa mtu mmoja. Siku moyo huo utakapochoka ukajitenga, wa kwanza kuumia ni mtoto, na hataweza kupiga kelele. Ndiyo maana tunasema mapumziko ya mwalimu huyu ni ulinzi wa mtoto wako.

Na pale watoto wanapolala shuleni, jambo huwa zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2022, moto uliwaka katika bweni la shule ya watoto wasioona ya Salama, wilayani Mukono, na watu 11 wakafariki. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazazi wao subira. Kila aliyewahi kulinda bweni la watoto wasioona, au wasiosikia mlio wa kengele, anajua kuwa usiku wa hatari kila mtoto anahitaji mkono wa kumshika. Mikono hiyo haipatikani ikiwa mtu yule yule aliyefundisha mchana kutwa ndiye anayetegemewa kukesha.

"LAKINI UJIRA WAO UKO KWA ALLAH"

Sasa tuzijibu hoja tunazozisikia mara kwa mara.

Hoja ya kwanza ni hiyo ya ujira. Hakuna Muislamu anayepinga kuwa malipo makubwa yako kwa Allah. Lakini malipo ya Allah hayafuti deni lililo baina ya waja. Abu Bakr Swiddiq (r.a.), alipokuwa khalifa, alitoka asubuhi kwenda sokoni na nguo zake za kuuza kama alivyozoea, ili alishe watu wa nyumbani kwake. Masahaba wenzake wakamzuia, wakampangia fungu kutoka Baitul Mali ili aweze kuwatumikia watu bila kuhangaika. Hakuna aliyemwambia kuwa ujira wako uko Akhera, basi nenda ukahangaike. Ikiwa Abu Bakr alihitaji riziki ya kumwezesha kufanya kazi yake, mwalimu wa kijijini ataishi kwa kitu gani? Aidha, Mtume (s.a.w.) alitufundisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na tusiwatwike walio chini yetu mzigo wasiouweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Tuzingatie mafundisho hayo ya mwisho: hayaishii kwenye malipo, yanadai pia msaada ndani ya kazi yenyewe.

Hoja ya pili: "Walimu wote wana shida, kwa nini hawa wapendelewe?" Ni kweli walimu wote wana shida, na hatusemi wengine wanyimwe. Lakini nchi yetu tayari imeshaonyesha kuwa inaweza kulichagua kundi moja la walimu inapoona haja. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 walimu wa sayansi wa sekondari za serikali wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, hata walimu wa masomo mengine wakagoma Juni 2022 kwa kuona wameachwa. Hatuingii katika ubishi wa nani alistahili. Tunasema tu kuwa kumbe inawezekana. Sababu iliyotolewa kwa sayansi ilikuwa mahitaji ya taifa. Je, mtoto asiyeweza kusoma bila mwalimu aliyefunzwa si mahitaji ya taifa?

Majirani zetu wa Kenya wana kipengele cha marupurupu kwa walimu wa shule maalumu, yanayolipwa na tume ya kuajiri walimu. Walimu wasioona nao wana fungu la kumlipa mtu wa kuwasomea. Hatudai kuwa Kenya wamemaliza matatizo yao. Lakini kule kazi hii imetambuliwa katika karatasi ya mshahara, na mwalimu akiisoma anajua kuwa mwajiri wake ameuona mzigo wake.

Hoja ya tatu: "Wakilipwa vizuri watakuja watu wenye tamaa, wasio na wito." Hoja hii inashangaza. Hatuiambii hospitali isimlipe mkunga ili apatikane mkunga mwenye wito. Wito ni kama mbegu njema: inahitaji maji. Tumewaona walimu wenye wito wa kweli wakiacha kazi hii baada ya miaka michache, si kwa kukosa mapenzi na watoto, bali kwa maumivu ya mgongo na madeni ya duka. Waliobaki wakarithi watoto wao, na darasa likazidi kuwa zito.

MSAIDIZI SI JAMBO GENI

Kuna jambo moja katika historia yetu ambalo tungependa wanafunzi walishike. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik wa ukoo wa Bani Umayya, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715 kwa tarehe za Miladi, anatajwa na wanahistoria kuwa aliwapangia wasioona watu wa kuwaongoza, na wasioweza kutembea watu wa kuwahudumia, kwa gharama ya dola. Al-Walid alikuwa mtawala mwenye mema na mabaya yake kama watawala wengine. Lakini jambo hili linatufundisha kitu: zaidi ya miaka 1,300 iliyopita ilieleweka kuwa kumhudumia mtu mwenye ulemavu ni kazi, kazi inahitaji mtu, na mtu huyo anahitaji kulipwa kutoka mfuko wa umma. Haikuachwa iwe huruma ya mpita njia.

Leo, msaidizi darasani ndiyo haja ya kwanza ya walimu hawa. Si lazima awe na shahada. Anaweza kuwa kijana au mama wa mtaa aliyefundishwa wiki chache namna ya kumwinua mtoto bila kumuumiza wala kujiumiza, namna ya kumlisha mtoto anayepaliwa haraka, na namna ya kumhudumia mwenye kifafa. Akiwepo, mwalimu anafundisha. Asipokuwepo, mwalimu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa anakuwa yaya kutwa nzima, na watoto wanarudi nyumbani bila somo.

TUNAPENDEKEZA NINI?

Kwa serikali na wenye shule, tunayaweka mambo haya sita:

1. Kila darasa la watoto wenye mahitaji maalumu liwe na msaidizi anayelipwa, na liwe na kikomo cha idadi ya watoto kulingana na uzito wa mahitaji yao.

2. Mshahara ufike kwa wakati, na pawe na marupurupu yanayotambua ugumu wa kazi, yaandikwe katika kanuni na yasitegemee hisani ya mkuu wa shule aliyepo.

3. Mwalimu wa mchana asiwe mlinzi wa usiku. Mabweni yawe na wahudumu wake, na mazoezi ya kutoka wakati wa moto yafanyike mara kwa mara.

4. Afya ya mwalimu ilindwe. Sabuni, maji na glavu zisinunuliwe kwa fedha zake. Apewe chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa kuwa anashika majeraha na uchafu wa mwili. Akiumizwa kazini atibiwe kwa gharama ya mwajiri.

5. Mafunzo yawe endelevu na yalingane na watoto alionao. Kama amepelekewa watoto wenye usonji, afundishwe kuhusu usonji.

6. Walimu hawa wakutanishwe. Aliye peke yake katika shule nzima hana wa kumuuliza wala wa kumweleza dhiki yake. Mkutano wa mara moja kwa muhula baina ya walimu wa wilaya moja ni gharama ya nauli na chai tu, lakini mtu hurudi na nguvu mpya.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la anasa. Mapendekezo ya ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, yaliyopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, yalieleza kuwa mazingira ya kazi ya walimu yawe yale yanayosaidia zaidi kujifunza kwa wanafunzi. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka, tangu 1994, kuwa Siku ya Walimu Duniani. Tukishaimba na kupiga picha siku hiyo, tuulize pia kuhusu msaidizi wa darasa.

NA SISI WAZAZI JE?

Yako mambo yasiyosubiri bajeti ya serikali, na hapa tunazungumza na kila nyumba.

Mpeleke mtoto na umchukue kwa wakati. Ukichelewa saa mbili, ni mwalimu anayekaa naye, na watoto wake mwenyewe wanamsubiri nyumbani. Hakikisha dawa za kifafa zimo kwenye begi na mwalimu anajua saa za kuzitoa. Mwambie ukweli kuhusu usiku ulivyokuwa: mtoto hakulala, alikataa kula, alianguka. Habari ya dakika mbili mlangoni inaweza kumwokolea mwalimu siku nzima ya kubahatisha.

Jifunzeni nyumbani kile anachofundishwa mtoto shuleni. Mtoto kiziwi ambaye hakuna anayejua ishara nyumbani kwao, mwalimu wake anakuwa ndiye mtu pekee duniani anayeongea naye. Mzigo huo haumstahiki mtu mmoja. Baba, mama, kaka na dada wakijua hata ishara 50, mtoto anapata familia, na mwalimu anapata wenzake.

Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwa adabu na kwa faragha. Mtoto akirudi na alama ya kung'atwa na mwenzake, uliza kwanza kulikuwa na watu wazima wangapi darasani, kisha muende pamoja na mwalimu kwa mkuu wa shule kudai msaidizi. Sauti ya mzazi aliyesimama pamoja na mwalimu ni nzito kuliko barua kumi za mwalimu peke yake.

Hatusemi haya kumfunga mdomo mzazi. Mwalimu anayempiga au kumdhalilisha mtoto asiyeweza kujitetea hana udhuru, na uchovu haumhalalishii. Aripotiwe na achukuliwe hatua. Lakini tukitaka visa hivyo vipungue, tusingoje mpaka mtu avunjike ndipo tukumbuke kuwa yupo.

Wanafunzi nao wana nafasi. Kijana aliyemaliza mtihani na anasubiri majibu anaweza kujitolea mara mbili kwa wiki katika kitengo cha shule ya jirani, chini ya uangalizi wa mwalimu: kusukuma viti, kuandaa chakula, kucheza na watoto. Wapo watakaogundua hapo kuwa hii ndiyo kazi wanayoitaka maishani.

NENO KWA MADRASA ZETU

Sisi walimu wa madrasa tunajua kufundisha kwa malipo madogo, na pengine ndiyo maana tunayaelewa haya kwa haraka. Ipo misahafu ya breli, na wapo watoto viziwi walio tayari kujifunza swala kwa ishara. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), sahaba asiyeona, aliadhini Madina na akaachiwa uimamu wa mji Mtume (s.a.w.) alipokuwa safarini. Mtoto asiyeona katika mtaa wetu ana haki ya kukaa katika mkeka ule ule wa wenzake.

Lakini tunawasihi wanakamati: msimpokee mtoto huyo kisha mkamtupia ustadh mmoja mwenye watoto 60, mkasema Allah atamsaidia. Mkimpokea, mpangieni ustadh msaidizi. Kama mnaweza kuchangishana kwa ajili ya zulia na vipaza sauti, mnaweza kutenga fungu la mtu wa kushika mkono wa mtoto mmoja. Na kama kuna mwalimu wa elimu maalumu katika jamaa zetu, mwalikeni awafundishe maustadhi, na mumlipe kwa siku hiyo. Kuwa ndugu yetu katika imani hakumfanyi kuwa mtumishi wa bure.

Ndugu wasomaji, mwalimu yule anayesifiwa msikitini huenda sasa hivi anaandaa karatasi za kesho huku mgongo ukimuuma. Tuendelee kumwombea dua, ni haki yake. Lakini wiki hii, kila mwenye mtoto katika darasa lake, au mwenye nafasi katika kamati ya shule, aende amuulize swali moja: "Mwalimu, unahitaji nini ili kazi yako iwezekane?" Kisha alichukue jibu hilo mpaka kwenye kikao, na asitoke kikaoni bila uamuzi ulioandikwa.

Wabillahi tawfiq.